Gari inachemsha, maji yanapungua na chini hapadondoki hata tone: nilivyolipata tatizo la Alphard yangu (uzi mrefu)

Mtoa uzi

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlioko bara. Uzi huu mrefu, mnistahamilie. Nimehangaika na gari miezi mitano, nimetoa pesa kwa vitu ambavyo havikuwa vibovu, na kila nikipita mitandaoni naona mtu anauliza gari yangu inachemsha nifanyeje, majibu ni yale yale, toa thamostati (kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kwa joto), badilisha rejeta, gasketi hiyo (ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, na hakuna hata mmoja anayemuuliza maji yake yanapotelea wapi. Mie suali langu la mwanzo siku hizi ni hilo tu. Injini hainywi maji. Mfumo umefungwa, maji yakipungua basi yametoka pahala, ama nje ama ndani, na usipopajua pahala hapo kila spea unayonunua unabahatisha.

Gari ni Alphard ya 2005, injini 2AZ ya lita 2.4, naifanyia kazi ya kupeleka wageni, Uwanja wa Ndege kwenda Nungwi, Paje, mara nyengine Matemwe. Ilianza kipindi cha kaskazi, jua la kuchoma, narudi kutoka Paje na watu saba na mizigo yao, nshapita Jozani pale penye matuta ya kuwalinda kima punju, nikautizama mshale ambao siku zote umekaa kati nikauona umepanda. Nkazima AC, nkafungua hita mpaka mwisho na madirisha yote wazi (ndio, hita, inasaidia kuvuta moto wa injini kuuleta ndani, mtatoka jasho lakini injini inapumua), mshale ukashuka kidogo, nkajivuta pole pole mpaka Tunguu nkaegesha.

Mfuniko sikuugusa. Naomba hapa mnisikilize vizuri. Maji kwa kawaida yanachemka nyuzi 100 lakini ndani ya rejeta yamefungiwa presha na ule mfuniko, ndo maana juu yake pameandikwa kipimo cha presha, 0.9 au 1.1 kutegemea gari, na kwa presha hiyo maji yanakaribia nyuzi 120 bado hayajachemka. Ukifungua tu presha inaondoka ghafla na yale maji yanaruka mvuke usoni kwako. Nina jamaa yangu ana kovu la kutoka shavuni mpaka kifuani kwa haraka ya namna hiyo. Subiri nusu saa au zaidi, bonyeza hozi ya juu kwa kitambaa, ikiwa bado ngumu iwache. Na usiimwagie injini maji ya baridi, silinda hedi (kichwa cha injini) ni alumini, inapinda au inapasuka.

Ilipopoa nkatia maji, ikameza chupa mbili za lita moja na nusu. Lita tatu! Na chini ya gari pakavu kabisa.

Sasa safari ya gereji. Simtaji mtu, si lengo langu. Fundi wa kwanza hakuuliza hata suali moja, akafungua akatoa thamostati akaiweka pembeni akanambia nchi yetu ya joto hii haihitajiki. Nkamuamini. Kumbe thamostati haipo kwa ajili ya nchi za baridi, ipo ili injini ifike joto lake la kazi na ibakie hapo, ya kwangu inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni ya baridi inazidisha petroli, na gari nyingi za Toyota thamostati yake ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato ikishafunguka, ukiitoa ile njia inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto yanazunguka ndani kwa ndani bila ya kupita kwenye rejeta. Yaani unaweza kuizidishia kuchemsha kwa kitu ulichofanya kuizuia isichemshe. Kuipima wala si kazi, itie kwenye sufuria ya maji jikoni, washa moto, itizame inavyofunguka maji yakianza kutoa mvuke mwingi. Ikifunguka ni nzima, irejeshe pahala pake.

Wa pili akanambia rejeta. Laki tatu na nusu. Hapo simlaumu sana maana mapezi ya ile ya zamani yalikuwa yameliwa na hewa ya chumvi, ukiyagusa yanamung'unyika kama biskuti, gari zetu zinazolala karibu na pwani hilo ni la kawaida. Lakini maji yakaendelea kupungua. Wa tatu pampu ya maji. Yakaendelea kupungua.

Hapo nkasema basi, sinunui kitu tena mpaka nijue. Nkachukua kalamu ya wino mzito nkapiga mstari kwenye tangi la akiba, kila asubuhi kabla ya kuwasha natizama na naandika kwenye simu yamepungua kiasi gani na jana nilikwenda wapi. Wiki mbili. Kitu kidogo hichi kilinisaidia kuliko mafundi wote watatu kwa sababu niligundua nikizunguka mjini tu maji hayashuki sana, nikienda Nungwi na kurudi yanashuka karibu lita nzima. Kwa hiyo ni injini ikifanya kazi nzito na presha ikipanda.

Na hili la lini inachemsha ni la muhimu sana jamani. Gari inayochemsha ikiwa imesimama, foleni ya Darajani au unasubiri abiria, halafu ukienda mwendo inapoa, hiyo anza na feni, rilei yake, fyuzi, mota, au klachi ya feni kwa gari zenye feni ya mkanda. Upepo haupiti. Lakini ikiwa mjini iko sawa na inachemsha barabarani kwenye spidi au mlima, feni huko haina kazi kubwa, upepo unaingia wenyewe, hapo fikiria rejeta iliyoziba ndani, thamostati isiyofunguka yote, hozi ya chini inayofyonzwa ikajibana, pampu, maji machache, au gasketi.

Usiku nikawa natandaza boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Kavu. Zulia la miguuni upande wa abiria nikalipapasa, maana rejeta ndogo ya hita ikitoboka maji yanamwagika ndani ya gari na utasikia harufu tamu tamu na kioo kinaingia ukungu wa mafuta mafuta. Kavu. Mfuniko nikanunua mwengine wa asili, maana ule mpira wake ukichoka presha haishiki na maji yanasukumwa nje kidogo kidogo kila safari. Hakuna tafauti.

Dalili za ndani nazo nikazitafuta. Dipstiki, oili safi haina rangi ya maziwa. Moshi mweupe asubuhi hamna. Plagi zote nne rangi moja (silinda inayovuta maji plagi yake mara nyingi inakuwa safi kama imeoshwa kuliko wenzake). Nikawasha ikiwa ya baridi mfuniko wazi, nikaangalia mapovu. Hapa watu wanakosea, mapovu ya mwanzo yanaweza kuwa hewa tu iliyobaki ulipotia maji, hayo yanatoka yanamalizika. Mapovu ya gasketi hayamaliziki, na ukikanyaga mafuta yanazidi. Yangu yalimalizika. Kwa hiyo nje hapavuji, ndani hakuna dalili, na lita inakwenda kila safari ya Nungwi. Nlikuwa silali.

Alonitoa kizani ni mzee mmoja fundi wa Fuoni. Yeye alinisikiliza kwanza, akasoma zile kumbukumbu zangu za wiki mbili kwenye simu, halafu akatoa pampu ya kupimia presha, ile yenye geji inayofungwa pahala pa mfuniko wa rejeta. Akajaza presha mpaka pale palipoandikwa kwenye mfuniko, hakuzidisha, akaniambia gari iwache ilale hapa. Asubuhi geji imeshuka karibu nusu. Akachukua kioo kidogo cha mkono na tochi, akaingia nyuma ya injini, kule upande wa dereva na abiria walipokaa ambako kwenye Alphard hata mkono haupiti vizuri, akaniita. Pale silinda hedi inapokutana na bloku, nyuma kabisa juu ya ekzosi, pana ukoko mweupe na mchirizi wa rangi ya waridi. Maji yanatoka pale yakigusa ekzosi yanakauka, ndo maana chini hapadondoki kitu miezi mitano.

Akanambia kijana, hizi injini nazijua. Bloku ya alumini, na matundu ya bolti za hedi upande wa nyuma nyuzi zake (ile mikato inayoshika bolti) zinaliwa, bolti inalegea, gasketi inakosa kubanwa, maji yanatafuta njia. Kweli tulipofungua, bolti tatu za nyuma za katikati zilitoka na vipande vya alumini vimeng'ang'ania kwenye nyuzi zake, nyengine unaizungusha kwa vidole. Kama angetia gasketi mpya na bolti zile zile ingekaa wiki chache ikarudi pale pale, maana haikazi. Wengi hapo ndo wanapoliwa pesa mara mbili halafu wanaambiwa injini imekufa nunua nyengine.

Dawa yake ni kutoboa yale matundu kwa upana zaidi na kukata nyuzi mpya na kutia bushi za chuma zenye nyuzi ndani (za bolti ya M11 kwa injini hii), halafu bolti mpya. Kutoboa lazima kuwe wima kabisa, fundi anatumia kibao cha chuma cha kuongoza drili, mtu akikwambia atatoboa kwa jicho ondoka. Bushi zikaagizwa, nkasubiri karibu mwezi. Tulitia matundu yote 10, si yale matatu tu. Hedi ikapimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kupinda kunakoruhusiwa ni kama 0.05 mm, ya kwangu ilikuwa imezidi kwa sababu ya ile siku ya Jozani, ikaenda kufesiwa (kusawazishwa uso wake). Bolti zikakazwa kwa tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio, kutoka katikati kwenda nje, na mwisho robo duara kila moja.

Sasa ni mwezi wa nne tangu itengenezwe. Ule mstari wa wino bado upo kwenye tangi na maji yako pale pale. Mwenye suali aulize.

Mdau wa Konde

Ahsante shekhe kwa uzi. Mie niko Pemba nina Noah ya zamani ile ya injini 3S, inapungua maji kidogo kidogo, chupa ndogo kwa siku tatu hivi. Huku kwetu unajua milima, Chake mpaka Konde unapanda unashuka tu, ikipandisha na mzigo mshale unainuka, ikishuka unarudi. Kuna mtu kanambia nipasue yai nitie kwenye rejeta, mwengine anasema pilipili manga ya unga, mwengine dawa ya kuziba inauzwa dukani. Unanishauri nini?

Mtoa uzi

Ndugu yangu wa Konde, nakuomba usitie yai wala pilipili wala chochote. Kitu kinachoziba tundu la nje hakichagui, kinaziba na vile vijinjia vyembamba vya rejeta na vya hita, na Noah ikiwa tayari inapata taabu mlimani ukiipunguzia njia za maji ndo unaimaliza. Labda uwe porini usiku na watoto ndani ya gari, ufike nyumbani kisha uoshe mfumo wote. Kwanza fanya ule mtihani wa boksi, tandaza usiku injini ikiwa imetoka safari, asubuhi utizame tone limeanguka usawa wa kitu gani. Halafu tochi, tizama pampu ya maji chini ya mhimili wake, pana kitundu kidogo kimewekwa makusudi, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea hapo. Ukiona mchirizi au ukoko pale, ni pampu.

Dereva wa 502

Mie napinga kidogo hawa wanaotwambia tutie kulanti (yale maji ya dawa ya rejeta). Sisi daladala tunatia maji ya bomba tu na kila siku tunajaza na gari zinakwenda, hizo kulanti ni biashara ya watu wa spea.

Mtoa uzi

Kaka nakuheshimu, kazi yenu ngumu kuliko yangu. Lakini tizama nchi yetu imekaa juu ya nini, mawe ya matumbawe, maji yetu yana chokaa, na visima vya karibu na pwani vina chumvi chumvi kabisa. Tizama ndani ya birika la chai nyumbani kwako, ule ukoko mweupe wa chini. Huo huo unajengeka ndani ya rejeta na kuzunguka silinda, na ukoko haupitishi moto vizuri. Na hiyo ya kujaza kila siku ndo mbaya zaidi kwa sababu kila ukijaza unaleta chokaa mpya. Kulanti si kwa ajili ya baridi tu, inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ikiwa bei inakushinda basi changanya nusu kulanti nusu maji ya betri, au hata maji ya mvua uloyakinga safi, yale ya bati baada ya mvua kuosha vumbi. Na usichanganye kulanti mbili za aina tafauti, nyengine zikikutana zinaganda kama uji. Rangi isikudanganye, soma kilichoandikwa kwenye dumu.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Uzi mzuri mtoa uzi, nimeshikwa na furaha kuona mtu anaandika hivi. Naongeza mawili. La kwanza mshale wa dashibodi msiuamini sana. Gari nyingi umetengenezwa ukae kati katika joto la masafa mapana ili dereva asiwe na wasiwasi, ukiuona unapanda ujue joto limeshapita zamani. Na maji yakishuka sana mpaka ile sensa ya joto ikabaki hewani, mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua, mtu anafurahi imepoa kumbe maji yamekwisha. Dalili ya hiyo hita inatoa upepo wa baridi. Hapo zima gari pale pale usisogee hata mita.

La pili gasketi ya ndani wakati mwengine haionekani kwa macho mpaka kwa dawa ya kupimia gesi, ile ya buluu inatiwa kwenye kichupa juu ya rejeta, ikivuta gesi ya ekzosi inageuka njano. Dakika tano tu. Mteja ana haki ya kumwambia fundi nipimie kwanza ndo ufungue. Na hozi ya juu ikiwa ngumu kama jiwe dakika moja mbili tu baada ya kuwasha injini ya baridi, joto halijapanda bado, presha hiyo imetoka kwenye silinda.

Mtoa uzi

Shukran sana fundi, hilo la mshale kushuka sikuwa nalijua na limenitisha, maana kuna siku ulishuka ghafla pale Mahonda nkashukuru Mungu nkaendelea mpaka mjini.

Dada wa Kiembesamaki

Suali langu dogo. Nina IST, fundi katia maji juzi baada ya kubadilisha hozi, tangu hapo inachemsha na kabla haikuwa inachemsha. Na nasikia maji yanatiririka nyuma ya dashibodi.

Mtoa uzi

Dada hiyo kwa asilimia kubwa ni hewa imebaki ndani, huo mlio wa maji kutiririka ndo wenyewe. Ikiwa ya baridi kabisa iegeshe pua imeinuka kidogo, kwenye kijimlima au juu ya ukingo, fungua mfuniko wa rejeta, weka hita moto wa mwisho, washa, tia maji na kulanti pole pole huku mapovu yanatoka. Iwache mpaka hozi ya chini nayo ipate moto, maana yake thamostati imefunguka, na feni iwake na kuzima mara mbili. Jaza, funga, kesho asubuhi tizama tena. Usiondoke ukaiacha peke yake wakati huo, na uso uuweke mbali.

Mdau wa Konde

Nimerudi. Nimetandaza boksi siku tatu. Siku ya kwanza na ya pili tone mbili tatu za kijani, usawa wa mkanda. Leo nimeingia chini na tochi, kile kitundu cha chini ya pampu kina ukoko wa kijani na ukitia kidole kibichi. Gasketi ya hedi nliyoambiwa nifungue kwa laki sita siifungui tena.

Mtoa uzi

Alhamdulillah! Nunua pampu na gasketi yake, na mafundi wakishafungua hapo watizame na mkanda wa taimingi, kwenye 3S pampu inazungushwa na mkanda huo huo, ukiwa umechoka au umelowa kulanti badilisha pamoja, kazi ya kufungua ni moja. Thamostati isitolewe. Huko ikikosekana pampu nzuri niandikie, nikutafutie huku mjini nikupelekee bandarini uipokee Mkoani au Wete, boti itakayotangulia.